Mafunzo Niliyopata kwa Kuishabikia Ingwe Nikiwa Turkana

Mjini Lodwar ukiulizwa wewe ni shabiki wa timu gani, anayeuliza anatarajia umtajie ya Uingereza: Arsenal, Manchester United, Liverpool au Chelsea. Ukisema AFC Leopards, tunayoiita Ingwe, atakutazama kwa huruma, kisha akuulize kama hiyo timu bado ipo. Ipo. Imekuwepo tangu 1964, ilipoundwa kwa jina la Abaluhya baada ya timu ndogondogo za jamii yetu ya Waluhya kuunganishwa. Imetwaa Ligi Kuu ya Kenya zaidi ya mara kumi, na taji la mwisho ni la 1998. Msimu wa 2024/25 ulipokamilika na Kenya Police kutawazwa mabingwa kwa mara ya kwanza, sisi tulikuwa tumengoja miaka 27.

Mimi ni mfanyabiashara wa nafaka. Mahindi na maharagwe nayanunua Kitale, yanapanda lori, yanapita Kapenguria, Marich, Kainuk na Lokichar hadi Lodwar, na sehemu ya mzigo huendelea hadi Kakuma kwa wenye maduka wa kambi ya wakimbizi. Biashara hii humlazimisha mtu kusoma daftari kabla ya kusikiliza maneno. Nimeisoma timu yangu kwa namna hiyohiyo, na haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kocha hulaumiwa wa kwanza, ilhali maamuzi makubwa hayamfikii

Tangu 2012 benchi letu limekaliwa na Waholanzi Jan Koops na Pieter de Jongh. Wabelgiji Luc Eymael, Ivan Minnaert na Patrick Aussems. Mkroatia Zdravko Logarusic. Mwingereza Stewart Hall. Mromania Dorian Marin. Muargentina Rodolfo Zapata. Mserbia Marko Vasiljevic. Mnyarwanda Cassa Mbungo. Na Mcheki Tomas Trucha. Hapo sijawahesabu Wakenya, ambao huitwa kushika usukani kila mgeni anapofungasha virago. Na tukumbuke kwamba kombe la Ngao la 2017, tulipoifunga Kariobangi Sharks kwenye fainali, lililetwa na Mkenya, Robert Matano.

Aussems alikuja 2021 akiwa na jina. Alikuwa ameifikisha Simba ya Dar es Salaam robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika msimu wa 2018/19. Kwetu hakuupata ubingwa wa ligi. Alichokaribia zaidi ni fainali ya kombe la shirikisho la soka nchini ya Julai 2021, tuliyotoka sare tasa na Gor Mahia kisha tukapoteza kwa mikwaju ya penalti.

Watu 12 kutoka nchi tisa hawawezi wote kuwa hawaujui mpira. Mashabiki wanapoimba kocha aende, mwenyekiti hupata usingizi, kwa sababu kocha akienda hasira huenda naye na yeye hupewa msimu mwingine wa kuahidi. Siku hizi timu ikifungwa huwa simuulizi mtu kocha alipanga nani. Nauliza nani alimwajiri, kwa mkataba gani, na kama mtangulizi wake amelipwa chake.

2. Mshahara usiolipwa huja kudaiwa wakati mbaya zaidi

Cassa Mbungo aliondoka Desemba 2019 kwa sababu ya mshahara. Wachezaji wa kigeni nao waliondoka wakidai. Kesi zao zilifika FIFA, na mwaka 2021 klabu ikajikuta imepigwa marufuku kusajili wachezaji.

Mashabiki wengi tuliipokea habari hiyo kama njama ya wazungu. Nilipofuatilia utaratibu wenyewe niliona hauna siri. Mchezaji au kocha hupeleka mkataba wake FIFA. Klabu huombwa ijibu. Ikishindwa kesi, huamriwa ilipe malimbikizo, mara nyingi pamoja na fidia ya muda uliobaki kwenye mkataba na riba ya asilimia 5 kwa mwaka. Hupewa siku 45. Zikipita bila malipo, hufungiwa usajili hadi ilipe, na kifungo hicho chaweza kufika madirisha matatu mfululizo. Hakuna hatua hata moja inayokuja kwa kushtukiza. Kila barua hufika kwenye meza ya mtu, na mtu huyo huamua kuijibu au kuiweka kando.

Mimi nikichukua magunia kwa mkulima wa Kitale na nisimlipe, msimu unaofuata lori langu litarudi Lodwar tupu, na jirani zake wote watakuwa wamepata habari zangu. Ndivyo ilivyokuwa kwa klabu yetu. Kocha alibaki na vijana waliopandishwa kutoka kikosi cha chini, wakapambana na timu zilizosajili zilivyotaka. Tuliwazomea wale watoto kwa kufungwa mechi zilizokuwa zimepotea ofisini kabla hawajavaa viatu.

Nikitaka kujua tutamaliza ligi nafasi ya ngapi, siangalii ratiba. Naulizia mshahara wa Februari umelipwa mwezi gani.

3. Kushinda kunaweza kuficha uozo, ila hakuuondoi

Nina rafiki muuza samaki ambaye huleta tilapia wa kukaushwa kutoka Kalokol. Yeye ni wa Gor Mahia na huniita shemeji, kama ilivyo desturi ya mashabiki wa timu hizi mbili. Siku moja alinikatiza nikieleza habari za madeni.

"Shemeji, hata sisi tunadaiwa. FIFA inatujua kwa jina. Lakini kombe tunabeba."

Hoja yake ina uzito. Gor Mahia nao walingoja tangu 1995 hadi 2013 kupata ubingwa, na 2015 wakaubeba bila kupoteza mechi hata moja. Walipigwa marufuku ya usajili kama sisi, na bado wakawa mabingwa 2023 na tena 2024. Basi deni peke yake halielezi kila kitu. Kikosi kizuri na kocha mwenye msimamo vinaweza kuisukuma timu mbali hata hazina ikiwa kavu.

Nilimkumbusha lililofuata ubingwa wa 2023. Gor Mahia walikosa Ligi ya Mabingwa Afrika ya msimu wa 2023/24 kwa kushindwa kutimiza masharti ya leseni ya klabu, madeni ya wachezaji yakiwemo. Wachezaji walipata tiketi ya Afrika kwa jasho lao, ofisi ikaipoteza. Klabu hiyohiyo ndiyo iliyotwaa Kombe la Washindi barani Afrika mwaka 1987 kwa kuitoa Espérance ya Tunisia. Shemeji alikaa kimya kidogo, akasema afadhali yeye ana cha kukosa.

Nikaona maumivu yake na yangu yana chanzo kimoja. Tofauti ni kwamba yeye ana makombe ya kumpumbaza.

4. Mdhamini mmoja ni mdhamini wa msimu mmoja

Mapema Julai 2019 Everton ya Uingereza ilikuja Kasarani kucheza na Kariobangi Sharks, na Sharks wakashinda kwa penalti. SportPesa ndiyo iliyokuwa nyuma ya mchezo ule, nyuma ya Ligi Kuu, nyuma ya Gor Mahia na nyuma yetu pia. Mwezi huohuo leseni ya kampuni hiyo ikakwama kwenye mvutano wake na serikali kuhusu kodi, na muda mfupi baadaye ikafuta udhamini wote.

Dalili zilikuwepo. Mwanzoni mwa 2018, kodi ya kamari ilipopandishwa, kampuni hiyohiyo ilitangaza kujiondoa kwenye michezo ya Kenya kabla ya kurejea. Kiongozi aliyeona mdhamini akifunga mlango mara moja alipaswa kuanza kutafuta mlango mwingine. Badala yake, 2020 tukaingia mkataba na kampuni nyingine ya kamari, Betsafe, nayo haikudumu.

Siwalaumu wenye kamari, hiyo ni biashara yao. Ninachouliza ni fedha zilipokuwa zinakuja, tuliweka nini? Klabu iliyoanzishwa mwaka mmoja baada ya uhuru haina uwanja wake. Imekuwa mgeni Nyayo, Kasarani, Machakos, na hata Bukhungu kule Kakamega ambako wengi wetu tunahesabu ni nyumbani. Uwanja ukifungwa kwa ukarabati, tunahama na mabegi yetu.

5. Kwa shabiki wa mbali, runinga ndiyo uwanja

Kutoka Lodwar hadi Nairobi ni kilomita zipatazo 700. Hakuna anayefunga duka Jumamosi akaone mechi ya saa tisa kisha Jumatatu awe kaunta. Sisi hutazama kwenye vibanda vya video, vile vya mabati au vya makuti ya mkoma, ambapo joto la watu huongezwa juu ya joto la Lodwar na jenereta hunguruma kushinda mtangazaji.

Enzi za SuperSport tuliiona Ingwe kwa macho yetu. Kisha 2017 wakuu wa soka wakavutana kama ligi iwe na timu 16 au 18, SuperSport ikavunja mkataba, na sisi wa huku tukafungiwa nje. Mvutano ulikuwa wa watu wachache wenye ofisi Nairobi. Mwenye kibanda wa Kanamkemer, hapa Lodwar, hakuulizwa, ila yeye ndiye aliyewapoteza wateja wake wa soka ya nyumbani, wakahamia ligi ya Uingereza moja kwa moja. Azam TV ilipokuja 2023, vijana wengi walikuwa wamekwisha kulelewa na timu nyingine.

Februari 2022 mambo yakawa mabaya zaidi. Serikali ilikuwa imelivunja shirikisho la soka, FKF, na FIFA ikajibu kwa kuifungia Kenya hadi mwishoni mwa Novemba mwaka huo. Tangu hapo nimeacha kuitazama klabu peke yake. Ina ofisi yake, juu yake kuna ya shirikisho, na juu yake tena kuna ya waziri. Zikigombana, anayelipa ni mchezaji, kisha shabiki.

6. Historia na ukoo vinaweza kugeuzwa ngao ya viongozi

Kakuma ndiko nilikolipata funzo hili. Kambi ilianza 1992, na ukijumlisha makazi ya Kalobeyei inakaliwa na watu karibu 300,000: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Waethiopia, Warundi na wengine. Mpira huchezwa kila jioni jua likilegea, kwenye vumbi la kando ya laga ya Tarach na kwingineko.

Kijana mmoja wa Sudan Kusini, mpakuzi wa magunia, aliniuliza kwa nini naipenda Leopards. Nikaanza na wimbo tunaoujua sote: Joe Masiga, Wilberforce Mulamba, Mahmoud Abbas langoni, Kombe la Klabu Bingwa Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akauliza, "Na sasa?"

Nikamwambia ni timu ya watu wetu. Akauliza tena, "Hao viongozi wanaowaharibia, nao ni watu wenu?"

Niligundua kwamba maneno yale niliyoyatoa kama fahari ndiyo yaleyale viongozi huyatumia wakibanwa. Mkutano ukianza kuwa moto, mtu husimama akawataja magwiji wa miaka ya themanini, ukumbi ukapiga makofi, isikuti ikalia, na swali la hesabu likapotelea kwenye ngoma. Anayeng'ang'ania huambiwa anaisaliti jamii. Serikali ilipopiga marufuku majina ya kikabila mwaka 1980 tukabadilisha jina kutoka Abaluhya kuwa AFC Leopards, lakini kumstahi kiongozi kwa kuwa ni mtoto wa nyumbani kulibaki.

Yule mpakuzi hakuwa na shangazi wala mjomba wa kumfunga kwa klabu yoyote. Aliuliza alichoona. Shabiki asiye na ukoo na timu anaweza kuwa mkaguzi mzuri kuliko sisi tuliozaliwa ndani yake.

7. Vipaji haviko mbali. Wasajili ndio wasiofika

Mwanasoka wa Australia Awer Mabil alizaliwa Kakuma 1995, wazazi wake wakiwa wakimbizi kutoka Sudan. Alianza kucheza mpira hukohuko, akahamia Australia 2006. Juni 2022, mjini Al Rayyan, Australia ilipomenyana na Peru kuwania nafasi ya Kombe la Dunia, mechi iliishia kwenye penalti na Mabil akafunga yake. Australia ikaenda Qatar.

Miaka yote ninayopeleka mzigo Kakuma, sijawahi kukutana na mtu wa klabu yoyote ya Nairobi aliyekuja kutafuta mchezaji. Najua mambo ya karatasi za wakimbizi ni magumu: ruhusa ya kutoka kambini, kibali cha kazi, usajili. Lakini pembeni ya kambi kuna Waturkana wenye vitambulisho vya Kenya, wenye miguu mirefu na mapafu ya kukimbia kutwa, na hao hawana kikwazo cha karatasi. Klabu inayolipa tiketi ya ndege ya mchezaji kutoka Afrika Magharibi, kisha ikashindwa kumlipa mshahara na kushtakiwa, ingeweza kwa fedha hizo kuandaa mashindano ya vijana kutoka Lokichoggio hadi Lokori.

Timu za kambini zenyewe zina la kutufundisha. Nimeshuhudia moja ikichangisha ili kununua mpira mpya na jezi. Kapteni alisimama katikati ya kiwanja, akasoma nani ametoa shilingi 20, nani 50, mpira umegharimu kiasi gani na kimebaki nini. Mmoja alilalamika jina lake limerukwa, likaandikwa hapohapo. Ilichukua dakika chache, na mazoezi yakaanza.

8. Kuwa na mwenye mali si dawa; kuwa na wanachama walio macho ni nusu ya dawa

Mteja wangu Mkongomani, shabiki wa TP Mazembe, hunicheka kwa upole. "Kwetu Lubumbashi tunajua nani wa kuuliza," husema. Anamaanisha Moïse Katumbi, ambaye chini yake Mazembe ilibeba Ligi ya Mabingwa Afrika 2009, 2010 na 2015, na 2010 ikafika fainali ya Klabu Bingwa ya Dunia dhidi ya Inter Milan. Tanzania nao wana njia yao: Simba ilipokubali kumpa Mohammed Dewji asilimia 49, asilimia 51 ilibaki ya wanachama. Mwaka 2025 Simba ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Wenzangu wengi wa Ingwe husema tupate tajiri, mambo yaishe. Nina shaka. Manchester United ina wamiliki matajiri tangu 2005, walioinunua kwa mikopo na deni wakalibebesha klabu yenyewe. Msimu wa 2024/25 ilimaliza ligi nafasi ya 15, na mashabiki wake waliojaa vibanda vya Lodwar hawana kura hata moja ya kumwondoa mtu.

Sisi tunayo. AFC Leopards ni klabu ya wanachama. Barcelona nayo ni ya wanachama, na 2020 wanachama wake walikusanya sahihi zaidi ya 20,000 za kutokuwa na imani na rais Josep Maria Bartomeu. Oktoba mwaka huo alijiuzulu kabla kura haijapigwa. Kenya tuna Sheria ya Michezo ya 2013, tuna Msajili wa Michezo, na tuna Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Vyombo vipo, ila hufunguka kwa mwanachama aliyelipa ada na kuhudhuria mkutano. Anayepigia kelele runinga hana sahihi ya kuweka popote.

9. Upendo usiouliza maswali ni mtaji wa kiongozi mbovu

Faini ya FIFA ikija, sisi ndio huchangishwa. Ujumbe husambaa kwenye simu, kila tawi hutakiwa kutoa, na watu hutoa: mwalimu, bodaboda, mama wa mboga. Nami nimetoa. Mara moja nilimwuliza ofisa wa tawi risiti ya fedha tulizotuma. Akanijibu kwamba shabiki wa kweli hadai risiti.

Nimelifikiria sana jibu lile. Mdhamini hudai ripoti. FIFA hudai ushahidi wa malipo. Hata mwenye kibanda cha video hudai kiingilio kabla hujakaa. Shabiki peke yake ndiye anayeombwa alipe, afurahi na anyamaze, na kwa kuwa hataihama timu yake, kila kiongozi anajua mapato hayo hayakatiki.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti. Ada ya uanachama nitalipa, kwa sababu ndiyo inayonipa kura. Mchango wa dharura sitoi kabla ya kuona dharura imesababishwa na nani na deni lilianza lini. Jezi nanunua kwa muuzaji anayetambuliwa na klabu. Na anayetaka kura yangu nitamwuliza mambo matatu: hesabu zilizokaguliwa za mwaka uliopita ziko wapi, klabu inadaiwa na nani kwa sasa na kiasi gani, na mishahara italipwa kwa fedha gani mdhamini akiondoka kesho. Anayejibu kwa kumtaja Masiga, namwachia makofi ya wengine.

Kufungwa sikuogopi. Timu iliyolipwa, iliyofanya mazoezi, yenye benchi kamili, ikifungwa na Police au na Gor, nitatoka kibandani nimekasirika kama shabiki yeyote duniani na Jumapili inayofuata nitarudi. Hiyo ndiyo hasira niliyoilipia kiingilio. Ile nyingine, ya kufungwa na barua ambayo mtu hakuijibu, sikuilipia, na sioni sababu ya kuizoea.